Yaache makombe ya bega yatembee

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa michezo katika sekondari moja huku Rungwe. Vijana wangu wa kidato cha sita wakimaliza mitihani wanakwenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), na sitaki waende kuaibika kwenye pushapu. Nimewafundisha kama nilivyoona kwenye video: bana mabega nyuma na chini, yashikilie hapo hapo, shuka, panda. Sasa wawili wanalalamika bega linauma kwa mbele, na kijana mmoja mwembamba akishuka mifupa ya mgongoni inachomoza kama mabawa. Wasichana wengi hawawezi hata moja kamili, wanapiga za magoti. Kosa liko wapi, na nianze kurekebisha kipi?

JIBU: Ugonile, mwalimu. Afadhali umeuliza sasa. Wakishafika kambini, iwe Itende au Mafinga, hakuna afande atakayesimamisha kundi zima la kuruta ili achunguze bega la mmoja wao.

Anza kwa kuondoa yale maneno "yashikilie hapo hapo". Kwenye pushapu makombe ya bega, ile mifupa bapa ya mgongoni, hayashikiliwi, yanaendeshwa. Mwili ukishuka yanakaribiana, mwili ukipanda yanaachana, na anayepiga ndiye anayeamua yaende kwa kasi gani na yaishie wapi. Rekebisha hilo kabla hujagusa jambo lingine lolote, maana mengi uliyoniandikia yanatokana nalo.

Agizo lenyewe si la uongo. Limehamishwa tu kutoka mahali pake, na mahali pake ni benchi la jimu. Mtu anayelala chali akinyanyua chuma kizito mgongo wake umegandamizwa kwenye benchi. Makombe hayana pa kwenda hata yakitaka, kwa hiyo anayabana apate msingi imara wa kusukumia. Kwenye pushapu mgongo uko hewani. Kilichokwama ni viganja, na kinachotembea ni kiwiliwili. Misuli ya kifua na ya nyuma ya mkono inafanya kazi inayofanana katika mazoezi hayo mawili, ila makombe yana kazi tofauti kabisa. Wanaotengeneza video nyingi hawajali tofauti hiyo, kwa sababu mtu mwenye kifua kikubwa anapendeza kwenye kamera akiwa amebana mabega.

Mwambie kijana mmoja avue shati akupe mgongo. Ule mfupa bapa wa pembe tatu nyuma ya kila bega ndio kombe. Limelala juu ya mbavu, kuanzia karibu na ubavu wa 2 hadi wa 7, na halikufungwa kwenye mbavu hizo kwa kiungo chochote. Muungano wake pekee wa mfupa na kiwiliwili unapitia mbele, kwenye mtulinga. Kwingine kote limeshikwa na misuli. Ndiyo sababu bega lina uhuru ambao nyonga haina, na ndiyo sababu pia linapata matatizo upesi. Mkono ukiinuliwa mpaka juu kabisa, nyuzi 180, takriban 60 kati ya hizo zinatoka kwenye kombe linalozunguka, na 120 kwenye kiungo chenyewe cha bega. Ukilizuia kombe lisitembee, kiungo kinabebeshwa kazi ya wawili.

Hicho ndicho kinachowapata wale vijana wako wawili, kwa jinsi ulivyoeleza. Anashuka makombe yakiwa yamebanwa nyuma tangu mwanzo. Akifika katikati ya safari kombe limeshamaliza nafasi yake, lakini kifua bado kinaenda chini. Mkono unaendelea peke yake: kiwiko kinapita nyuma ya mgongo, na kichwa cha mfupa wa mkono kinasukumwa mbele ndani ya kiungo. Nyama za mbele ya bega zinavutwa na kubanwa kila anaposhuka. Ongeza viwiko vilivyotanuliwa hadi usawa wa mabega, mwili na mikono vikichora herufi T, na maumivu ya mbele hayakawii. Watazame viwiko kesho. Nina hakika kubwa utaikuta hiyo T.

Msuli wa kuujua kwa jina ni mmoja tu, serratasi. Unaanzia kwenye mbavu nane au tisa za juu, ubavuni chini ya kwapa, unapita kati ya kombe na mbavu, na kujishika kwenye ukingo wa ndani wa kombe, ule ulio upande wa uti wa mgongo. Ukikaza, unalivuta kombe kwenda mbele huku ukililaza mbavuni. Mabondia wanautegemea sana, kwa kuwa ndio unaoipeleka ngumi ule umbali wa mwisho mkono ukiwa tayari umenyooka. Kwa mtu mwembamba utauona ubavuni umejigawa vipande vipande anaposukuma kitu kizito. Usipofanya kazi yake, ukingo wa ndani wa kombe unanyanyuka kutoka mbavuni, na hayo ndiyo mabawa uliyoyaona. Vijana wengi hawaujui kwa sababu hawaufikii: wanapanda, viwiko vinanyooka, wanadhani wamemaliza, wanashuka tena. Wanaiacha sehemu ya mwisho ya pushapu, pale ambapo viwiko vimeshanyooka lakini ardhi bado inaweza kusukumwa sentimita chache zaidi, mpaka mgongo wa juu ujae. Sehemu hiyo ndogo ndiyo inayoufanyisha serratasi kazi kuliko pushapu nzima iliyobaki.

Sasa twende uwanjani, au tuseme ukutani, maana ndipo pa kuanzia.

Mwanafunzi asimame hatua moja kutoka ukuta wa darasa, viganja ukutani usawa wa kifua, viwiko vimenyooka. Visikunjwe hata kidogo. Aache kifua kisogelee ukuta kati ya mikono yake mpaka makombe yakaribiane, halafu ausukume ukuta mpaka yaachane na mgongo wa juu ujae. Mwendo wote ni sentimita chache. Mara ya kwanza wengi watakunja viwiko, wengine watachomoa kidevu, wengine watatikisa kiuno wakidhani wanatikisa mabega. Usiwakemee. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kombe linaweza kutembea mkono ukiwa umetulia. Mpe kila mmoja mara nane au kumi polepole, apumzike, arudie. Wengi watalipata siku hiyo hiyo, na asiyelipata apige magoti na viganja chini afanye vile vile. Akiwa hivyo uzito ni mdogo na mwendo ni rahisi kuuhisi.

Chukua chaki. Kijana akiwa amesimama mikono imening'inia, tafuta kwa vidole ukingo wa ndani wa kila kombe na uchore mstari juu yake. Kisha mpeleke ukutani. Mfupa ukitembea, ngozi haiufuati sawasawa, kwa hiyo mstari wa chaki utakuonyesha ulikoanzia na vidole vyako vitakuonyesha ulikofika. Weka vidole viwili kwenye kila ukingo. Anapokaribia ukuta, kingo ziingie ndani taratibu, kulia na kushoto kwa pamoja. Anaposukuma, zikimbie kuelekea kwapani na zizame mbavuni, mpaka ushindwe kuzishika vizuri. Kama mwishoni mwa kusukuma ukingo bado umesimama na unaweza kuushika kwa kidole gumba, serratasi haijaamka. Angalia pia kama upande mmoja unatangulia. Kwa vijana waliozoea kubeba mzigo bega moja, hilo si la ajabu.

Kwa wasichana usishike wewe. Wapange wawili wawili, wenyewe kwa wenyewe, kiganja juu ya fulana kinatosha, na wewe elekeza kwa mdomo kutoka pembeni. Isitoshe, mwanafunzi akishahisi kombe la mwenzake likitembea chini ya kiganja, la kwake analielewa upesi. Wavulana nao waende hivyo hivyo ukishawaonyesha wa kwanza.

Maneno ya kuwaambia yawe machache. "Kaza serratasi" haimsaidii mtoto yeyote. "Isukume ardhi" inaeleweka. "Jaza mgongo" inaeleweka. Wakati wa kushuka mwambie "yaache makombe yasalimiane", kisha nyamaza uone. Kama mabega yanapanda kuelekea masikioni, mwambie arefushe shingo. Ukimpa mtu mambo matano ya kukumbuka akiwa chini, atakumbuka kupumua tu, tena kwa shida.

Wakishaliweza la ukutani, ndipo uwapeleke kwenye pushapu yenyewe. Viganja viwe vipana kidogo kuliko mabega, usawa wa kifua wala si usawa wa masikio, vidole vimetanuliwa na vinakamata ardhi. Akiwa chini, umtazame kwa mbele: mkono kutoka kiganja hadi kiwiko usimame wima. Kiwiko kikiwa ndani kuliko kiganja, viganja ni vipana mno. Kiwiko kikiwa nje kuliko kiganja, vimekaribiana mno. Viwiko viende nyuma kwa mshazari, kama nyuzi 45 kutoka ubavuni, wengine kidogo chini ya hapo kulingana na maumbile yao. Ukimwangalia kutoka juu uone umbo la mshale. Usilazimishe viwiko vigandane na mbavu. Hilo nalo ni la video.

Kiwiliwili kinyooke kutoka kisogo hadi kisigino. Kata fito ya mwanzi ya kama mita moja, ilaze mgongoni iguse sehemu tatu: kisogo, kati ya makombe, na mfupa wa mkiani. Apige pushapu tano bila fito kuachia hata sehemu moja. Kichwa kikianguka, utaiona imeachana na kisogo. Kiuno kikibonyea, uwazi wa chini ya fito utaongezeka. Makalio yakipanda, fito itainama kuelekea kichwani. Fito haina upendeleo, na vijana wanapenda kushindana nayo kuliko kusikia kelele za mwalimu. Akibana makalio na kukaza tumbo, mengi yanajirekebisha.

Kushuka kuchukue sekunde mbili au tatu. Aishie pale kifua kinapobakiwa na nafasi ya ngumi moja kufika chini, au kabla ya hapo kama utaona kichwa cha bega kinaanza kudondokea mbele. Kipimo ni hicho, bega. Wapo watakaogusa nyasi kwa kifua bila tatizo, na wapo ambao mikono yao ni mirefu na kifua ni bapa; hao wakilazimishwa kugusa wataumia. Kupanda, asukume bila kujirusha, viwiko vinyooke, kisha ile sehemu ya mwisho: jaza mgongo. Avute pumzi akishuka, atoe akisukuma. Mwenye maumivu ya kifundo cha mkono apige kwa ngumi kwenye nyasi, basi.

Hawa wasichana wako wanaopiga za magoti, na wavulana pia wapo ila hawasemi, ningewainua mikono badala ya kuwapigisha magoti. Sababu ni uzito. Wataalamu waliopima kwa mizani walikuta kwamba pushapu ya kawaida inaibebesha mikono kama asilimia 64 ya uzito wa mwili. Ya magoti ni kama asilimia 49. Mikono ikiwekwa juu ya kitu cha sentimita 30 ni kama 55, na kikiwa cha sentimita 60 ni kama 41. Msichana wa kilo 60, basi, anasukuma kama kilo 38 akiwa chini sakafuni, 29 kwa magoti, na 25 tu mikono ikiwa kwenye kitu cha sentimita 60.

Ukiangalia tarakimu hizo utaona kwamba kutoka magotini kwenda sakafuni ni kuruka kilo tisa kwa mkupuo, na mtu anaweza kukaa magotini mwaka mzima asiruke. Juu ya hapo, akiwa magotini kiuno na miguu havijifunzi kazi yake. Akiinuliwa mikono, anapiga pushapu ile ile, mwili ule ule ulionyooka, makombe yale yale, na wewe unampunguzia au kumwongezea uzito unavyotaka. Shule haikosi vifaa. Dirisha la chini, meza ya mwalimu iliyosukumwa mpaka ukutani isiteleze, benchi, halafu ngazi za kupandia barazani. Ngazi ndizo bora kuliko vyote: hazitikisiki, na kila moja ina sentimita 15 hivi, kwa hiyo mwanafunzi anashuka ngazi moja kila anapoweza kupiga nane safi kwenye ile aliyopo. Za magoti si dhambi. Mwenye kuzipenda aendelee nazo mwishoni mwa zoezi akiwa amechoka.

Sasa kijana mwembamba. Kwanza usimtangazie ugonjwa. Mtu asiye na nyama nyingi mgongoni makombe yake yanaonekana hata akiwa mzima kabisa, na kuchomoza kidogo anaposhuka, hasa pushapu za mwisho mwisho akiwa amechoka, mara nyingi ni udhaifu na mazoea tu. Mpime hivi: mpeleke ukutani, asukume kwa viganja viwili viwiko vikiwa vimenyooka, wewe ukiwa nyuma yake. Makombe yakilala mbavuni anaposukuma kwa nguvu, na anaweza kuinua mikono yote miwili mpaka juu ya kichwa bila kuikunja wala kujipinda, ni suala la mazoezi. Mrudishe ukutani na kwenye meza, apige za makombe peke yake kila siku ya mazoezi, na asiguse sakafu mpaka aweze kushuka bila mabawa. Simaanishi yasionekane kabisa. Namaanisha ukingo wa ndani usisimame.

Lakini kombe la upande mmoja likichomoza wazi anaposukuma ukuta, na mkono wa upande huo ukashindwa kupita usawa wa bega au ukapanda kwa taabu, hiyo ni kesi nyingine. Neva inayoulisha serratasi inatoka shingoni na kushuka ubavuni ikiwa karibu na ngozi, haina nyama nyingi ya kuikinga. Inaweza kuumia kwa kugongwa, kwa kuvutwa, kwa mzigo mzito unaokandamiza bega muda mrefu, na wakati mwingine baada ya maradhi ya virusi. Muulize amekuwa akifanya nini likizo. Ukisikia alikuwa akipakia viazi kwenye malori, magunia ya lumbesa yaliyojazwa kupita kiasi, yote kwa bega moja, una sababu ya kutosha ya kumpeleka hospitali. Anzia hospitali ya wilaya, nao wataona kama kuna haja ya kumwandikia rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Neva ya namna hii mara nyingi inapona yenyewe, ila inachukua miezi mingi, na kwa wengine inapita mwaka. Kumpigisha pushapu wakati huo hakuiharakishi. Ganzi mkononi, maumivu yanayomwamsha usiku, au bega lililowahi kuteguka navyo ni vya hospitali, hata kama mabawa hayapo.

Wale wawili wenye maumivu ya mbele waache sakafu kwa sasa. Wafanye ya ukutani na ya meza, viwiko kwa mshazari, washuke mpaka pale tu ambapo hapaumi. Waulize maumivu ni kiasi gani kati ya 0 na 10. Yakiwa 2 au 3 na kesho yake asubuhi yameisha, waendelee. Yakizidi hapo, au yakilala nao mpaka kesho, umewapa mzigo mkubwa, wapandishe ngazi. Wiki mbili tatu zikipita bila nafuu, nao wakaonwe. Kuna hii tabia ya kupaka dawa ya kuchua, bega likapata moto, kijana akarudi kupiga pushapu hamsini. Dawa inaficha maumivu kwa saa chache, na sababu iko pale pale.

Kuhusu baridi, wewe na mimi hatuhitaji kuambiana. Saa kumi na mbili asubuhi huko Tukuyu mwezi wa sita nyasi zimelowa, viganja vinateleza, na mabega yamekunjwa masikioni tangu mtu atoke kitandani. Wape dakika kumi za kukimbia polepole na kuzungusha mikono, kisha zile za ukutani, ndipo waende chini. Mafinga haitakuwa na huruma zaidi, kwa hiyo ni vizuri mwili ujue utaratibu huo. Nyasi zikiwa zimelowa sana tumia baraza.

Na hapa niseme lingine ingawa hukuuliza: kama shuleni kwenu pushapu bado ni adhabu ya wachelewaji, ongea na wenzako iishe. Mtoto anayeadhibiwa anapiga haraka haraka ili aondoke, nusu nusu, mgongo umebonyea, kichwa kimening'inia. Jumatatu na Jumatano unamfundisha makombe, Alhamisi mwalimu wa zamu anamfundisha kinyume chake mbele ya shule nzima. Wachelewaji wakafyeke.

Usiwape kusukuma peke yake. Kwa kila siku ya kusukuma wape pia kuvuta, ili misuli ya kati ya makombe ipate nguvu ya kulizuia kombe lisikimbie ovyo. Tyubu kuukuu ya baiskeli inapatikana kwa fundi yeyote kwa bei ya soda au bure. Ikate ndefu, ifunge kwenye nguzo ya goli usawa wa tumbo, mwanafunzi ashike ncha mbili, arudi nyuma mpaka ikaze, avute viwiko vipite ubavuni huku makombe yakikaribiana, kisha aachie polepole huku makombe yakifuata mikono mbele. Kuachia huko ndiko kunakosahaulika. Kumi hadi kumi na tano, mara tatu.

Ratiba isikusumbue. Siku tatu kwa wiki zinatosha, za ukutani kwanza, kisha pushapu za kiwango cha kila mmoja, seti tatu, na mtu aishie pale anapojua bado angeweza mbili nzuri. Hesabu apige mwenzake, kiganja kikiwa kati ya makombe, na ahesabu zile tu ambazo amehisi mgongo ukijaa juu. Wiki ya kwanza hesabu itashuka sana. Yule aliyejisifu kwa arobaini atapata kumi na mbili, atanuna, na wenzake watamcheka. Mwache anune. Arobaini zake zilikuwa za kifua kinachodunda na viwiko visivyonyooka, na kambini zisingehesabiwa.

Zikibaki wiki mbili waondoke, badilisha mtindo. Kambini hawatapiga kwa mwendo wanaoutaka wao. Watapiga kwa sauti ya afande, moja chini, mbili juu, na kati ya moja na mbili kuna nyakati ambapo afande anaamua kusimulia hadithi. Wazoeze hilo. Piga hesabu wewe, mara haraka, mara uwaache chini kidogo, mara uwasimamishe juu, na wakiwa juu wakumbushe kuisukuma ardhi, kwa sababu mtu anayesubiri juu akiwa ameegemea viungo vya bega anachoka kabla hujasema moja. Yule mwembamba mweke mstari wa mbele, wewe simama nyuma yao ili uone mgongo wake. Ukingo ukianza kusimama, mguse mguuni, ahamie kwenye ngazi za baraza amalizie huko, na hesabu iendelee bila kukatika.